Miriamu na Siku Saba za Kungoja



Nimeombwa niseme machache kuhusu kiburi na familia. Naomba tumtazame mwimbaji wa zamani sana: Miriamu, dada yake Musa.

Katika Kutoka 15, Waisraeli walipokwisha kuvuka bahari, ndiye aliyeshika tari na kuwaongoza wanawake kwa wimbo. Tukifika Hesabu 12, yeye na Haruni wanamnung'unikia Musa. Wanaanza na habari ya mke wake Mkushi, kisha la moyoni linatoka: kwani Mungu husema na Musa peke yake? Kumbe wifi alikuwa kisingizio tu.

Ndivyo tulivyo binadamu. Jirani akiinuliwa, tunampongeza. Ndugu yetu akiinuliwa, tunakumbuka tulivyombeba mgongoni.

Kwaya nayo ni familia. Ni nadra tugombane na kwaya ya kanisa jingine. Tunagombana sisi kwa sisi: nani aanzishe wimbo, nani asimame mbele siku ya kurekodi, kwa nini aliyejiunga juzi ndiye anayefundisha sauti ya tatu. Mdomoni tunasema ni sare au nauli. Moyoni ni jambo lile lile la Miriamu.

Miriamu alipatwa na ukoma, na Musa aliyesemwa vibaya ndiye aliyemlilia Mungu amponye. Akatengwa nje ya kambi siku 7. Safari ilikuwa bado ndefu, lakini watu hawakuondoka mpaka aliporudishwa.

Ndugu zangu, tazameni picha za zamani za kwaya hii. Wengine wamelala katika Bwana, wengine wamehama. Lakini wapo wanaoketi nyuma kila Jumapili, walioacha kuimba kwa sababu ya neno moja lililosemwa mazoezini. Sisi husema, "Mlango uko wazi, akitaka atarudi." Hicho nacho ni kiburi. Miriamu alingojwa na kambi nzima.

Mimi ni katibu wenu, na majina yao bado yamo kwenye daftari la mahudhurio. Sijayafuta. Ombi langu ni hili: kabla ya mazoezi yajayo, kila sauti imtembelee mmoja wao nyumbani. Tusiende na barua wala kesi. Tunywe chai, tuombe pamoja, tumwambie nafasi yake ipo.

Yubile njema. Mungu awabariki.