Majina Mawili Katika Kitabu cha Ubatizo

Tulipokuwa tukiandika orodha ya marehemu wetu kwa jubilei hii, naliona jambo katika ukoo wangu mwenyewe.

Katika kitabu cha ubatizo cha zamani baba yangu ameandikwa mara mbili: mwaka 1949, tena mwaka 1953, ndio mwaka Mbulu ilipofanywa jimbo. Wazazi ni wale wale. Jina la Kiiraqw ni moja, ila herufi si sawa. Shangazi zangu wawili walisema, "Ni kosa la mwandishi, futa moja." Nami nalikuwa karibu kufuta, maana sauti zetu za tl na hh ziliwataabisha wageni, kila mmoja akaandika kama sikio lake lilivyosikia.

Lakini kosa la herufi halizai miaka minne, wala msimamizi mwingine. Nikatazama pembezoni, ambapo kwa sheria ya Kanisa huandikwa ndoa. Kwa yule wa 1953 ndoa ya baba imo. Kwa yule wa kwanza ni peupe. Peupe si ushahidi, kwa kuwa hata mapadre husahau. Basi nikafungua kitabu cha wafu. Jina lile limo: mtoto, mwaka 1950.

Nikamwendea shangazi mkubwa, ambaye tangu mwanzo hakunena neno, nikamsomea. Alinyamaza sana, kisha akasema, "Mama alitukataza kumtaja."

Katika orodha nimeandika majina yote mawili.