Avoka aliyepeleka mambo ya udongo mu Bunge

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Kisangani



Komite iliomba niseme juu ya kazi ya depite. Nitaieleza kwa maisha ya mtu mmoja wa inchi ya Kenya, Jean-Marie Seroney.

Alikuwa Mnandi, kutoka upande wa milima yenye mashamba makubwa ya chai. Alisoma Makerere, kisha akasoma sheria ngambo, akarudi avoka, wakati Waafrika wa kazi ile mu Kenya walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Aliingia mu Baraza la kutunga sheria mwaka wa 1961, akabaki mbunge mpaka 1975.

Jambo lililomsumbua zaidi lilikuwa udongo. Wazungu walipoondoka, mashamba waliyokuwa wamewanyang'anya Wanandi hayakurudi kwa wenyewe. Mengi yalibaki kwa makampuni au yakapewa watu wa mahali pengine. Mwaka wa 1969 alitoa Tangazo la Nandi Hills: udongo wa Nandi ni wa Wanandi. Serikali ikamshtaki kwa uchochezi, akatozwa faini.

Hapa niseme wazi, kwa sababu wengi wenu mulikimbia vita ya Mbole na Lengola iliyoanza Februari 2023. Lile tangazo lilikuwa na haki ndani yake: mtu aliyenyang'anywa shamba ana ruhusa ya kudai. Lakini lilikuwa na hatari pia. Ukisema udongo ni wa kabila moja tu, jirani aliyezaliwa hapo anakuwa mgeni. Seroney alikufa mwaka wa 1982. Miaka kumi nyuma yake, watu walichomeana nyumba mu Rift Valley, na tena mwisho wa 2007. Sisi hatuna lazima ya kufundishwa moshi unanuka namna gani.

Tuchukue basi ile sehemu yake nyingine. Oktoba 1975 alikuwa naibu wa spika, amekaa kwenye kiti. Mbunge mwenzake, Martin Shikuku, akasema kuna watu wanataka kuua Bunge kama vile walivyoua chama cha KANU. Wakubwa wakataka ushahidi. Seroney akajibu kwamba jambo lililo wazi halihitaji kuthibitishwa. Siku chache tu, wote wawili wakakamatwa palepale Bungeni. Walifungwa bila hukumu mpaka Desemba 1978.

Njo kazi ya depite: kusema mu Bunge jambo ambalo kijiji chote kinajua, ili liandikwe. Depite wa jimbo ana ruhusa ya kuuliza serikali ya jimbo, kwa mdomo ao kwa maandishi, na serikali inapaswa kujibu.

Na sisi tumpe cha kuuliza. Sheria ya udongo ya tarehe 20 Julai 1973 inaomba uchunguzi ufanywe kijijini kabla ya kutoa konsesioni, na wakaaji wasikilizwe. Basi kila familia iandike: shamba liko wapi, linapakana na nani, lilianza kulimwa mwaka gani. Majirani waweke sahihi, Mbole na Lengola kwenye karatasi moja. Kisha tumuulize depite wetu: ule uchunguzi ulifanywa siku gani, na nani alisikilizwa?

Akirudi bila jibu, tumuulize tena. Karatasi haichomi nyumba ya mtu.