Mtoto Asile Kabla ya Upasuaji

Leo tuzungumze juu ya mtoto anayekwenda kufanyiwa upasuaji.

Daktari amekwambia mtoto aje tumbo likiwa tupu. Usiku analia njaa, nawe moyo unakuuma. Unajiambia, "Vijiko viwili vya uji vitamdhuru nini?" Mama, vinaweza kumdhuru sana.

Mahali umio unapoingia tumboni pana msuli unaobana kama mdomo wa mfuko, ili chakula kisirudi juu. Dawa za kumtuliza mtoto na za kumlaza usingizi huulegeza msuli huo. Tena akiwa usingizini hawezi kukohoa. Chakula kikipanda kooni pamoja na asidi ya tumbo, kinaweza kuingia mapafuni. Mtoto hukosa pumzi au hupata nimonia mbaya, na anaweza kufa. Hata daktari wa mifugo hukukataza kumlisha paka kabla ya kumpasua, kwa sababu hiyo hiyo.

Je, asile kwa muda gani? Tuseme upasuaji ni saa 2 asubuhi:

• Uji, ugali, chai ya maziwa, maziwa ya ng'ombe au ya kopo: mwisho saa 8 usiku, yaani saa 6 kabla. Chipsi na nyama ziishie mapema zaidi.
• Maziwa ya mama: mwisho saa 10 alfajiri, yaani saa 4 kabla.
• Maji safi ya kunywa: mwisho saa 12 asubuhi, yaani saa 2 kabla.

Hospitali ikikupa saa tofauti, fuata hizo.

Lakini usimkaushe mtoto usiku kucha. Mtoto mchanga akikaa na njaa mno, sukari na maji hupungua mwilini. Muulize muuguzi saa kamili, na upasuaji ukichelewa, uliza kama anaweza kupewa maji.

Waambie nyanya, dada wa kazi na watoto wengine wasimpe hata biskuti.

Na kama amekwisha kula, usifiche. Mwambie daktari alikula nini na saa ngapi. Huenda upasuaji ukaahirishwa, nawe umepoteza nauli. Nauli hutafutwa tena, mtoto hatafutwi.

Hadi kipindi kijacho, kwaheri.