Kaswende, Ugonjwa Unaojificha

Leo nitanena habari za ugonjwa ambao wengi huona haya kuutaja, hasa mbele ya wakwe. Haya ni jambo jema mahali pake, lakini ugonjwa huu hustawi kwa haya hiyo. Jina lake ni kaswende.

Huletwa na kijidudu chembamba, kilichojisokota kama parafujo. Fritz Schaudinn na Erich Hoffmann walikigundua mjini Berlin mwaka 1905. Nje ya mwili hakidumu, kikikauka, hufa. Basi asemaye kwamba aliupata chooni anajidanganya. Hupita kwa kujamiiana, na toka kwa mama mpaka kwa mtoto tumboni. Ndugu yake ni kijidudu cha buba, ambayo wazee wetu waliijua sana. Lakini buba huambukizwa kwa kugusana ngozi tu.

Sasa sikilizeni ujanja wake. Yapata wiki tatu baada ya kuambukizwa, hutokea kidonda, mara nyingi kimoja tu, nacho hakiumi. Kwa mwanamke huenda kikawa ndani asikione. Baada ya wiki chache kidonda hupona chenyewe bila dawa yoyote. Hapo mganga wa mizizi husifiwa na kupewa kuku wake, kumbe vijidudu vimekwisha kuenea katika damu! Kisha huja vipele visivyowasha, hata viganjani na nyayoni, navyo hutoweka. Ndipo huwa kimya, pengine miaka mingi, na wasiotibiwa wengine huja kuharibika moyo, macho au ubongo.

Linalonihuzunisha zaidi ni habari ya mtoto. Mama hajisikii mgonjwa, lakini mimba hutoka, au mtoto huzaliwa mfu, au huzaliwa na ugonjwa. Majirani hunong'ona kwamba amerogwa. Tone la damu lililopimwa mapema kliniki lingalionyesha neno hili, na penisilini ingaliwatibu wote wawili, mama na aliye tumboni.

Naam, dawa ipo. Mwaka 1943 Daktari John Mahoney wa Marekani alionyesha kwamba penisilini huponya kaswende, na mpaka leo kijidudu hiki hakijajifunza kuishinda, ingawa kile cha kisonono kimeshinda dawa nyingi. Ugonjwa ukiwa mchanga, sindano za siku moja zatosha. Ukiwa wa siku nyingi, huchomwa mara tatu, kila wiki mara moja. Lakini kilichokwisha kuharibika hakirudi.

Bwana mmoja aliniuliza, "Mke wangu amekwisha kuchomwa, nami sina kidonda. Nije kufanya nini?" Nikamwuliza kama alipata kuwa na kidonda zamani. Akanyamaza kidogo, akasema, "Kilikuwapo, lakini kilipona." Nikamweleza kwamba asipotibiwa, mkewe ataambukizwa tena, kwa maana aliyepona kaswende hana kinga. Siku ya Jumatatu alikuja, kabla hajaenda kazini.