Panga la Mkulima

Somo letu ni Injili ya Yohana, mlango wa 15, aya ya 1 hata ya 3.

Mizabibu wengi wetu hatujaiona. Lakini kule Embu, tangu miaka ya 1990, wakulima wengi wamepanda kaliandra, mti uliotoka Amerika ya Kati, kwenye mipaka ya shamba na kingo za matuta, wapate majani ya kulisha ng'ombe wa maziwa. Miti 500 hivi yatosha kumpa ng'ombe mmoja kilo 6 za majani mabichi kila siku, mwaka mzima. Kilo 3 za majani hayo hufanya karibu kazi ya kilo moja ya chakula cha ng'ombe cha dukani. Mwenye kulipa karo kwa maziwa ajua maana yake.

Mti huu usipokatwa hurefuka ukawa kuni, majani yakawa juu asikofika mtu. Ukikatwa, huchipuka kwa wingi. Lakini si kila kukata ni kupogoa. Mche huachwa kwanza miezi 9 hata 12, mizizi ishike. Kisha hukatwa kwa kimo cha sentimita 60 hata mita moja. Hungojewa uchipuke, ndipo ukatwe tena, mara 4 au 5 kwa mwaka. Mwenye pupa, akataye mara kwa mara karibu na ardhi, hujaza kikapu siku hiyo. Baadaye visiki hufa kimoja kimoja.

Bwana Yesu asema Baba ndiye mkulima. Hakusema ni sisi wachungaji na wazee wa kanisa. Mama afiwapo na mtoto, hakosi mtu wa kumwendea kabla ya matanga kwisha, amwambie, "Mungu anakupogoa." Nani alimpa panga? Katika Kiyunani, neno la kusafisha tawi katika aya ya 2, na neno "safi" katika aya ya 3, ni ya shina moja. Na pale Bwana ataja kilichowasafisha wanafunzi: ni neno lake alilowaambia. Jeneza la mtoto hakulitaja.

Tena yuko aliyeokoka juzi tu. Tayari amepewa uweka hazina, kwaya, na harambee ya paa, na karipio juu yake. Huyu hajatimiza miezi 9! Mwacheni ashike mizizi.

Bali sisi wa siku nyingi, tusioambiwa neno na mtu, tumerefuka. Majani tunayo, lakini hata mbuzi hayafikii.

Na tuombe. Ee Baba, umkumbuke mama aliyefiwa juma hili. Usimwache akudhanie kuwa adui. Nasi utukate kwa neno lako, kwa kimo ukijuacho wewe. Amina.