Kamba, Mawe na Maua

Msikilizaji aliyewahi kufika Tabora ameiona miembe mikongwe. Hapo, katika mji ulioitwa Kaze zamani, misafara ya Bagamoyo na Ujiji ilipumzika. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe kwa ujira. Watumwa walipita wamefungwa minyororo, na wengi hawakuonana tena na watoto wao.

Mwaka 1972 mkoa huo huo wa Tabora ulipokea, pale Ulyankulu, Warundi waliokimbia mauaji. Mwaka 2014 serikali ya Tanzania ilitoa uraia kwa wakimbizi zaidi ya 160,000 wa makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Karatasi ilimaliza suala la nchi, si la usiku. Mzazi anayeshtuka usingizini hupandwa na hasira kwa kikombe kilichodondoka. Mwingine hunyamaza, akawa mgeni kwa mtoto anayelala chumba cha pili.

Tiba ya majeraha hayo ipo: kusimulia maisha. Katika makazi ya Nakivale, Uganda, ilijaribiwa kwa wakimbizi wa Rwanda na Somalia, matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Kamba hutandazwa sakafuni: hayo ndiyo maisha ya mtu. Ua huwekwa penye furaha, jiwe penye msiba. Kisha mwenye kamba husimulia maisha yake tangu kuzaliwa; mshauri huandika, na katika kikao kinachofuata humsomea. Washauri wenyewe (hapa ndipo pa kushangaza) walikuwa wakimbizi waliofunzwa kwa wiki chache, si madaktari.

Simulizi ikikamilika, mwenyewe hukabidhiwa maandishi yake, ayasome na wanawe akipenda.