Krediti Zetu Zisipotee Njiani



Katika mikutano ya matawi tumeulizwa mara nyingi habari za digrii za Marekani zinazosomwa kwa intaneti, mtu akiwa huku huku kazini. Baadhi yenu mna diploma. Wengine mlisoma chuo mwaka mmoja, karo ikawakatiza. Mnataka kujua kama masomo yale yatahesabiwa, au mtaanza upya na kulipa upya.

Kwanza tufahamu hesabu yenyewe. Huko Marekani digrii ya kwanza kwa kawaida ni krediti 120, na ile ndogo ya miaka miwili ni 60. Vyuo vingi hutoza karo kwa kila krediti. Kwa hiyo krediti ya zamani ikikataliwa, somo lile lile utalilipia mara mbili.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo watu wanapopotezwa. Chuo chaweza kusema, "Tumepokea krediti zako 60," na neno hilo likawa kweli, lakini lisikupunguzie kazi. Zote zaweza kuwekwa katika fungu la masomo ya hiari, na yale ya lazima ya uhasibu au uuguzi yakabaki mbele yako kama yalivyokuwa. Kupokewa ni jambo moja, kuhesabiwa katika digrii ni jambo jingine. Basi usitoe hata senti mpaka upewe kwa maandishi, somo kwa somo: hili limechukua nafasi ya lipi. Maneno ya karani kwa simu hayatoshi. Tena uliza ni krediti ngapi sharti usome kwao wenyewe. Vyuo vingi hutaka kama 30, hata uje na mzigo gani.

Tusidhani Wamarekani wenyewe wameokoka. Katika mji wa Steubenville, jimbo la Ohio, palikuwa na Eastern Gateway Community College. Chuo hicho kilipatana na vyama vya wafanyakazi, AFSCME kikiwa kimojawapo, na wanachama pamoja na jamaa zao wakasoma kwa intaneti bila kutoa karo mfukoni. Jambo jema, nasi tungelipenda. Lakini mwaka 2022 wizara ya elimu ya Marekani ilisema mpango ule ulivunja sheria, kwa kuwa wanafunzi wenye msaada wa serikali walitozwa zaidi ya wengine. Mwaka 2024 chuo kikafungwa. Waliokuwa katikati ya masomo ikawabidi kutafuta chuo kingine cha kupokea krediti zao. Hata mlango uliofunguliwa na chama, basi, wataka kuchunguzwa.

Cheti cha Kenya nacho huenda kikahitaji kupimwa kwanza na shirika la huko linalokubaliwa na chuo, na kazi hiyo hulipiwa kwa dola. Iwekeni katika hesabu mapema. Na kabla ya kuvuka bahari, kiulizeni Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichopewa hati mwaka 2023, nacho hufundisha kwa intaneti. Swali ni lile lile, na jibu liwe kwa maandishi.

Wiki hii kila mmoja aandikie chuo chake cha zamani aombe matokeo yenye mhuri, pamoja na muhtasari wa kila somo. Wenye vyuo vinavyoyumba wasingoje mwisho wa mwezi.